Mpiga picha mpya kwenye onyesho la maharusi Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wapiga picha wanaoanza, hasa wa Kigoma Mjini, Ujiji na wilaya za jirani, wanaofikiria kulipia meza kwenye onyesho la maharusi. Maswali ni yale yanayorudi kila onyesho linapotangazwa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo pesa inapopotelea. Mengine yanatosha kwa mstari mmoja.

Onyesho la maharusi lina tofauti gani na Sabasaba au Nanenane?

Sabasaba watu huja kutembea, kula na kuangalia. Kwenye onyesho la maharusi wengi wamekuja kwa sababu nyumbani kuna tarehe inayokaribia. Ni ukumbi mmoja, siku moja au mbili, na ndani yake wamepangana wapambaji, wenye magauni na suti, saluni, waoka keki, wapishi, ma-MC, wenye kumbi, wakodishaji wa magari, na sisi wenye kamera.

Kigoma tunajuana. Kwa nini nilipie meza wakati watu wanaweza kuniulizia tu?

Kwa sababu hiyo hiyo ya kujuana. Kamati ya harusi ikikaa na kufika kipengele cha picha, mjumbe mmoja anataja kijana aliyepiga harusi ya binamu yake, wengine wanaitikia, na kikao kinahamia kwenye vinywaji. Muda wote huo jina lako halikutajwa, na si kwamba picha zako ni mbaya: hakuna aliyekuwepo pale anayekufahamu. Meza ya onyesho inakupa nafasi ya kuonwa uso, na watu wengi kwa siku moja.

Kuna sababu ya pili ambayo wapya wengi hawaioni. Faida ya kwanza ya onyesho, kwa maoni yangu, haitoki kwa maharusi. Inatoka kwenye meza za jirani. Mpambaji, MC na mwenye ukumbi huulizwa kila wiki, "Unamfahamu mpiga picha yeyote?" Ukitoka hapo mpambaji mmoja anakufahamu kwa jina na ana namba yako kwenye simu yake, umeshapata mtu wa kukutaja hata onyesho likishasahaulika.

Nani hasa anaamua mpiga picha awe nani?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote hapa, na wengi hulipitia juu juu kwa kudhani kila kitu kiko mikononi mwa bibi harusi.

Bibi harusi anachagua ladha. Ndiye atakayesimama mezani kwako dakika 10 akigeuza kurasa, akimwonyesha rafiki yake shela na mikao ya picha. Lakini harusi zetu nyingi hulipwa na michango, na michango ina kamati, na kamati ina mwenyekiti, katibu na mhazini. Mhazini anaangalia ahadi zilizotolewa na pesa iliyokwisha kuingia, na mara nyingi hizo mbili hazifanani. Bibi harusi akikupenda wewe na mhazini akampenda wa bei ya chini, utakaa unasubiri simu isiyopigwa.

Kisha kuna shangazi na mama wadogo. Usiwachukulie kama wasindikizaji. Kwenye sendofu na kicheni pati wao ndio wenye shughuli, na mara nyingi shughuli hizo zina kamati yake na bajeti yake mbali na ya upande wa bwana harusi. Familia moja inaweza kukupa sendofu, harusi na hata kikao cha kuvunja kamati, au ikagawa kazi hizo kwa wapiga picha watatu. Upande wa Ujiji, ambako ndoa nyingi ni za Kiislamu, ndoa yenyewe inaweza kufungwa msikitini au nyumbani asubuhi, na wanawake wakawa na shughuli yao peke yao. Hapo usishangae ukiulizwa kama una mpiga picha wa kike. Kama unaye, liandike kwenye bango lako kwa herufi kubwa, kwa sababu wateja wa namna hiyo hupata shida kweli kumpata.

Kwa hiyo kazi ya meza yako ni kuondoka na vitu viwili kwa kila aliyesimama kwa dhati: tarehe ya shughuli, na namba ya mtu anayeingia kwenye kikao. Mteja akisema picha nzuri, shukuru. Akitaja tarehe, andika.

Nitajuaje kama gharama ya meza italipa?

Fanya hesabu kabla ya kulipa, na uifanye kwa faida inayobaki mkononi, usiifanye kwa bei unayotoza. Mfano, na namba hizi ni za kuonyesha njia tu: meza 150,000, albamu ya maonyesho 120,000, bango la kusimama 60,000, kadi na vipeperushi 50,000, msaidizi na usafiri na chakula 40,000. Jumla shilingi 420,000.

Kama harusi moja unaitoza 600,000, na ndani yake msaidizi, nauli, uchapaji wa albamu na bando la kutuma picha vinakula 350,000, unabaki na 250,000. Harusi moja haikurudishii gharama za onyesho. Mbili zinarudisha na kubakiza kidogo. Sasa jiulize kwa ukweli: kwa ukumbi ule na watu wale, unaweza kufunga harusi mbili? Kumbuka pia kwamba albamu na bango utavitumia tena mwakani, kwa hiyo mzigo wa mara ya kwanza ni mkubwa kuliko utakaofuata.

Ukiona haiwezekani, zungumza na mpambaji au mwenye gauni mgawane meza. Wao wana kitambaa na maua, wewe una picha za kuning'iniza nyuma. Kwa mtu mpya, mara nyingi hii ni bora kuliko meza ya peke yako.

Niombe nafasi gani ukumbini?

Karibu na magauni au mapambo, maana hapo watu husimama muda mrefu. Mlangoni kabisa hapafai: watu wanaingia bado wanatafuta ndugu zao, na wakitoka wamechoka. Kaa mbali na spika. Meza iliyo jirani na muziki wa MC itakulazimu kuongea kwa kupiga kelele siku nzima, na mama wa miaka 60 hatasimama hapo hata kama picha zako zinang'aa. Uliza pia soketi iko wapi kabla hujakubali.

Niweke nini mezani?

Albamu moja kubwa, nzito, iliyochapwa vizuri. Moja tu. Simu kila mtu anayo na picha nzuri kwenye simu kila mtu ameshaziona. Kinachomfanya mtu aketi ni kitu cha kushika. Kama uchapaji wa albamu unaagiza Mwanza au Dar es Salaam, agiza mapema sana, kwa sababu mzigo unaokuja na basi unaweza kuchelewa na fundi wa huko hana haraka na onyesho lako.

Ndani ya albamu weka harusi moja au mbili kwa mtiririko: maandalizi ya asubuhi, safari, kiapo au ndoa, picha za familia, ukumbi, keki, zawadi. Wapya hupenda kuweka picha 40 bora kutoka sehemu 40. Zinapendeza, lakini mjumbe wa kamati hajui akikulipa atapata nini. Anayeona harusi nzima, na kila hatua ikiwa imetoka vizuri, anaelewa anachonunua.

Angalia mambo matatu kabla ya kuchapa. Kwanza ngozi. Tuna watu weusi tititi na maji ya kunde ndani ya fremu moja, na bibi harusi yuko kwenye shela jeupe linalorudisha mwanga wote. Picha ambayo shela limeungua kwa mwanga mpaka likabaki weupe mtupu, au bwana harusi amepotea kwenye giza, usiiweke, hata kama tabasamu ni zuri. Akina mama huliona hilo upesi kuliko wapiga picha. Pili, weka wazee. Picha moja ya bibi akimwekea mjukuu mkono kichwani itauza kazi yako kwa shangazi kuliko machweo matano. Tatu, weka picha ya kundi kubwa la ukoo ambapo kila uso unaonekana. Hiyo ndiyo picha itakayotundikwa sebuleni, na ndiyo ngumu kuipiga.

Na machweo ya ziwani je? Kila mtu anayo.

Kila mtu anayo, kweli, lakini wachache wanaelewa faida yake. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi na saa tunayotumia ni ile ile ya Dar es Salaam, hivyo jua letu huzama kama dakika 40 baada ya la Dar. Wenzetu wa pwani wakiwa wameshawasha taa, sisi bado tuna mwanga mlaini juu ya Ziwa Tanganyika, na jua linashuka karibu saa 1 jioni upande wa milima ya Kongo.

Kwa kamati hiyo ni habari ya ratiba. Misa ikichelewa, chakula cha mchana kikichelewa, foleni ya magari ikichelewa, bado kuna muda wa kwenda ufukweni kabla ya kuingia ukumbini. Chini ya picha yako ya ziwa andika tu saa uliyopiga, "saa 12:40 jioni", na mtu akiuliza umweleze. Mpiga picha anayeletwa kutoka Dar kwa harusi moja huenda akawafikisha watu ufukweni saa 11, jua bado kali, kila mtu amekunja uso.

Zaidi ya ziwa, tumia mji wenyewe. Jengo la stesheni lililojengwa na Wajerumani, mwisho wa reli iliyofika hapa mwaka 1914, lina kuta na matao yanayopendeza asubuhi. Miembe ya pale Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone, alipokutwa na Stanley mwaka 1871, ina kivuli kizuri saa za jua kali. Yote mawili ni maeneo yenye wenyewe, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kumpeleka bibi harusi na msafara wa magari manane. Kibirizi kwenye maboti kuna rangi nyingi, ila shela litarudi na harufu ya dagaa. Mwambie mteja mapema.

Sijawahi kupiga harusi hata moja. Nionyeshe nini?

Panga shuti ya mfano. Tafuta mpambaji anayeanza kama wewe, mwenye gauni la kukodisha, msusi, na wanandoa wawili mnaofahamiana nao wasioona aibu mbele ya kamera. Kila mmoja anapata picha za kutangazia kazi yake, hakuna anayemlipa mwenzake. Halafu omba kuwa msaidizi wa mpiga picha mzoefu kwenye harusi tatu nne, na mkubaliane kwa maandishi ni picha zipi utaruhusiwa kuonyesha kama zako.

Mezani sema wazi: "Hizi ni za mfano, hizi nilikuwa msaidizi." Watu hawakimbii wakisikia hivyo. Wanakimbia wakigundua baadaye.

Usichukue picha ya mtu mwingine mtandaoni ukaibandika kwenye bango lako. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda picha, na zaidi ya sheria, mji huu ni mdogo: aliyepigwa kwenye picha ile anaweza kuwa anapita mbele ya meza yako akiwa na sahani ya pilau.

Je, naruhusiwa kuonyesha picha za wateja wangu wa zamani?

Waombe. Wote wawili, si mmoja, na kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa WhatsApp. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika, na sura ya mtu ni miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha.

Lakini kuna picha ambazo hata ukipewa ruhusa ya haraka haraka ningekushauri uziache nyumbani. Picha za shughuli za wanawake peke yao, iwe singo, kicheni pati au usiku wa hina, ambako mama amevua mtandio kwa kuwa anajua hakuna mwanamume, hazina nafasi kwenye meza ya hadhara. Bibi harusi anaweza kukubali kwa niaba yake mwenyewe, hawezi kukubali kwa niaba ya wageni wake 80. Picha moja ya namna hiyo ikionekana ukumbini, Ujiji nzima itakuwa imesikia kabla ya Isha, na hakuna mama atakayekuruhusu kuingia na kamera tena. Ukiwa na utaratibu wa kulinda picha hizo, yaani anazipiga mwanamke, zinahifadhiwa kwenye diski ya peke yake, zinakabidhiwa kwa bibi harusi mwenyewe na kufutwa, basi utaje utaratibu huo mezani. Ni tangazo zuri kuliko picha yoyote.

Niandike bei au nisubiri waulize?

Andika bei ya kuanzia. Najua wakongwe wengi wanaificha wakiamini mteja akishakaa atakubali. Kwa mgeni sokoni hilo linakuumiza: watu hudhani uko ghali, wanapita. Kipeperushi kiseme "kuanzia shilingi fulani", na kiseme kinachopatikana kwa bei hiyo: saa ngapi za kazi, wapiga picha wangapi, picha ngapi zilizohaririwa, albamu au hakuna.

Vifurushi vitatu vinatosha. Cha kati kiwe kile unachotaka wengi wachukue. Nauli iweke kando na uitaje kwa jina la mahali: mjini na Ujiji imo ndani ya bei, Kasulu na Uvinza inaongezeka kiasi hiki, Kibondo na Kakonko inaongezeka na malazi. Wakati wa mvua barabara za vijijini zinaweza kukulaza njiani, na gharama hiyo isiibuke baada ya mkataba.

Nitoe punguzo la siku ya onyesho?

Toa nyongeza badala ya punguzo. Fremu kubwa ya ukutani, au shuti fupi kabla ya harusi, kwa atakayelipa kianzio ndani ya siku 14. Ukishusha bei mara moja mbele ya watu, hiyo ndiyo itakuwa bei yako. Mhazini wa kamati inayofuata atakuambia alisikia kwa fulani ulichukua laki nne.

Mtu akisimama mezani nianze vipi?

Kwa salamu, kama Mswahili yeyote. Kisha tarehe. Bei baadaye.

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Hizi umepiga wewe?"
"Mimi mama, karibu ukae. Mna shughuli nyumbani?"
"Ya mtoto wa dada yangu. Mwezi wa kumi."
"Hongereni sana. Mwezi wa kumi Jumamosi zilizobaki kwangu ni mbili. Kamati imeshaanza kukaa?"

Hapo mama atakuambia kila kitu: kamati ina watu wangapi, mwenyekiti ni nani, bajeti imefika wapi, na kwamba mwenye keki aliwasumbua harusi iliyopita. Sikiliza. Usimkatize kumweleza lenzi yako ina uwezo gani. Hakuna shangazi duniani aliyewahi kuchagua mpiga picha kwa ajili ya lenzi.

Na usidanganye kuhusu Jumamosi zilizobaki. Kama zote ziko wazi, sema, "Tarehe hiyo niko wazi, naweza kuishika kwa wiki moja."

Nikusanye namba kwa daftari au kwa simu?

Daftari, lenye mistari na safu nne: jina, simu, tarehe, mjumbe wa kamati. Juu ya ukurasa andika kwamba namba zitatumika kuwasiliana kuhusu picha tu, kisha litimize hilo. Usimwingize mtu kwenye kundi la WhatsApp bila kumuuliza. Bahati nasibu ya kushinda fremu itakupa namba nyingi, lakini nyingi ni za wanafunzi wa chuo waliokuja kuangalia magauni.

Nimlipe MC anitaje jukwaani?

Kama bei ni ndogo, ndiyo. Mwandikie maneno kwenye karatasi, sentensi mbili, meza namba fulani. Ukimwachia atunge mwenyewe utasikia vichekesho vyote na jina la biashara litasahaulika.

Video na skrini je?

Dakika moja, bila sauti, ijirudie. Umeme ukikatika uwe na kitu kingine cha kuonyesha, yaani ile albamu.

Na droni?

Droni inataka kibali, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo pa kuanzia. Usiitangaze kwenye kipeperushi kama huna karatasi mkononi. Kuirusha ndani ya ukumbi wa onyesho ili kuvutia watu ni kutafuta kesi na kuangusha keki za wenzako.

Lazima niwe nimesajili biashara?

Ili kulipia meza, waandaaji wengine hawaulizi. Lakini ukitaka kazi za taasisi na kamati zinazotaka risiti, utahitaji TIN ya TRA, leseni kutoka halmashauri, na kama unatumia jina lisilo lako la kuzaliwa, usajili wa jina hilo BRELA, wakala wa usajili wa biashara. La haraka kabla ya onyesho ni lipa namba yenye jina la biashara. Mama akituma kianzio na simu ikamletea jina la mtu asiyemjua, ataghairi hapo hapo, na ana haki.

Baada ya onyesho nifanye nini, na lini?

Hapa ndipo harusi zinapopatikana au kupotea. Siku ya onyesho mtu ameona wapiga picha watano na vipande vinane vya keki. Jumatatu anakumbuka keki.

Tuma ujumbe ndani ya siku mbili, kwa kila mtu peke yake, na umtajie kitu mlichozungumza: "Shikamoo mama, ni yule mpiga picha uliyeniambia habari za harusi ya mtoto wa dada yako mwezi wa kumi. Ile tarehe nimeishika mpaka Jumapili ijayo. Hii hapa karatasi ya bei, unaweza kuipeleka kwenye kikao." Karatasi yenyewe itume kama picha. Wajumbe wengi watafungua picha; faili la PDF wataliacha "nitaliangalia baadaye".

Karatasi hiyo iandikie mhazini. Ukurasa mmoja, vifurushi vitatu, nauli, kianzio, tarehe ya kukabidhi kazi, namba ya malipo, na mstari unaosema nini kinatokea ukiugua au kamera ikiharibika. Mstari huo wa mwisho wapya wengi hawauandiki, nao ndio unaomtuliza mwenyekiti, kwa sababu karibu kila ukoo una hadithi ya mpiga picha aliyepotea na memori kadi.

Kisha omba kuhudhuria kikao kwa dakika 10. Nenda na albamu. Vikao vingi hufanyika jioni, kwenye baa, ukumbi wa kanisa au sebuleni kwa mtu, na watu wamechoka na kazi. Ingia, salimia, pitisha albamu mkono kwa mkono, jibu maswali, toka. Usibaki kusikiliza wakijadili bei yako.

Wasiojibu watumie ujumbe mmoja zaidi baada ya wiki mbili. Wa tatu usitume.

Malipo yapangwe vipi?

Kianzio cha kushika tarehe, sehemu kubwa kabla ya siku ya harusi, kilichobaki wakati wa kukabidhi albamu. Kilichobaki kiwe kidogo, kwa sababu kamati ikishavunjwa hakuna mhazini wa kudai. Utakuwa unawadai maharusi walio fungate, na ahadi ambazo hazijalipwa zimeshageuka utani wa kifamilia.

Onyesho likiwekwa mwezi gani ndiyo nishiriki?

Angalia kalenda za dini. Wakatoliki kwa kawaida hawafungi ndoa Kwaresima, na Waislamu huwa na ndoa chache mno Ramadhani. Mwaka 2026 vipindi hivyo vilianza karibu siku moja katikati ya Februari, na 2027 navyo vinakaribiana. Onyesho linalofanyika kabla au ndani ya kipindi hicho lina watu wanaopanga harusi za baada ya Pasaka na Idi, nao bado hawajagawa bajeti. Onyesho la Novemba, wakati harusi za Desemba zimeshalipiwa kila kitu, litakupa wageni wengi wasio na nafasi yako, isipokuwa labda wale wenye harusi za mwakani.

Kumbuka pia kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa. Anayekuja mezani akisema harusi ni wiki tatu zijazo kwa kawaida ameshaandikisha, na kama hana mpiga picha mpaka hapo, kuna aliyemwangusha. Mhudumie upesi.

Wapiga picha wenzangu watakuwepo watano. Nijilinde vipi?

Wasalimie asubuhi, badilishaneni namba. Jumamosi ya harusi nyingi mmoja wenu atakuwa ameshashikwa na atahitaji wa kumpa kazi, au msaidizi, au betri. Ukimsema vibaya mwenzako mbele ya mteja, mteja atakumbuka ulivyosema na atasahau ulichosema.

Nimerudi bila kianzio hata kimoja. Je, nimepoteza?

Fungua daftari. Kama lina tarehe 10 na majina ya wajumbe, subiri vikao vikae. Kamati haziamui siku ya onyesho. Kama lina namba tupu bila tarehe, wapigie mpambaji na MC uliokaa nao jirani, uwaulize wana harusi gani mbele, na ujitolee kupiga picha za kazi zao kwenye harusi moja kwa makubaliano ya kutajana. Meza ya onyesho lijalo mlipie pamoja.